Mwangwi na Daraja la Pili

Shuka la kitanda cha watu wawili halikunjwi na mtu mmoja. Ukilazimisha litakunjika, lakini litaburura sakafuni na utakuwa umefua bure. Ndiyo maana katika jengo la udobi alikofanya kazi Mwangwi tangu ujana wake, kila mkunjaji alikuwa na mwenzake wa kushika pembe za upande wa pili, na mwenzi wa Mwangwi alikuwa Mashavu.

Hayo si majina ya kuzaliwa. Mashavu aliitwa hivyo kwa sababu iliyoonekana na kila mtu. Mwangwi alipata lake baada ya wenye ukumbi wa maigizo, ambao mavazi yao yalifuliwa hapo, kutoa viti viwili kwa wafuaji, na viti vikawaangukia wao wawili, wakiwa wasichana bado. Igizo liliitwa Daraja la Kamba, na lilikuwa la nyimbo mwanzo mwisho. Wanawake wawili wanaishi pande mbili za korongo, kati yao pana daraja la kamba. Wanapendana, wanagombana, wanapatana, na mwishoni mafuriko yanalikata daraja. Kila mmoja anabaki upande wake, na wanaimbiana. Mmoja anauliza, "Upo?" Mwingine anajibu kwa sauti ya chini, "Nipo, nipo bado." Taa zinazimwa wangali wanaimba.

Mwangwi alilia mpaka mtu wa kiti cha mbele akageuka kumpa leso.

Kesho yake kazini, Mashavu alirudi nyuma na pembe zake mbili, shuka likakazika kati yao, naye akaimba, "Upo?" Na Mwangwi, ambaye hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia sauti yake isipokuwa kwa salamu, akajibu, na jina likamkaa. Wakasogeleana, pembe zikakutana. Wakaachana, shuka likakazika tena. Tangu hapo hawakukunja bila kuimba. Mashavu aliolewa, akazaa, akawa bibi. Mwangwi hakuolewa, alizika wazazi wake, akahamia kwa mdogo wake wa kiume na mkewe. Mashine zilibadilishwa, wasimamizi walikuja na kuondoka. Upo? Nipo. Wafuaji wapya waliwacheka kwa siku chache, halafu wakazoea, kama watu wanavyozoea mlio wa bomba bovu.

Sasa asubuhi moja Mashavu akaja na uso unaong'aa.

"Wewe, sikia. Wanatoa la pili."

"La pili la nini?"

"Daraja la Kamba! Sehemu ya pili. Wanalijenga upya daraja. Viti viwili vimekuja, nimeviwahi kabla watu hawajanyang'anyana. Jumamosi twende."

Mwangwi alijisikia kama mtu aliyeambiwa kaburi la mama yake limefukuliwa ili marehemu aulizwe swali moja zaidi.

"Siendi," alisema.

"Huendi?"

"Daraja limekatika. Likikatika, basi. Uzuri wote uko hapo hapo. Leo mtu anakuja na nyundo na misumari, analiunga ili iweje? Wavuke wakanywe chai? Waliolikata walijua wanachofanya. Hawa wanataka kujaza viti tu."

"Hata hujaliona."

"Na sitaliona. Sikanyagi pale."

Ukweli ni kwamba alitaka kubembelezwa. Angeombwa mara ya pili angenuna, na angeombwa mara ya tatu angekubali huku akilalamika, wakaenda pamoja na kulisema igizo njia nzima ya kurudi. Lakini Mashavu ni mtu anayelipokea neno lako kama ulivyolitoa. Aliguna, akageukia meza ya foronya.

"Wewe mgeni, Jumamosi una shughuli?"

Mgeni alikuwa msichana aliyeanza kazi juzijuzi na bado alikuwa akiunguza vidole kwa pasi. Hakuwa na shughuli.

Jumatatu Mwangwi aliitwa na msimamizi kutazama pazia lililochujuka rangi. Aliporudi alikuta pembe zake zimeshikwa. Mgeni alikuwa amesimama pale pale anaposimama yeye, mahali ambapo saruji imelainika kwa viatu vyake, na yeye na Mashavu walikuwa wakiimba kitu kipya, chenye mwendo wa haraka, shuka likiruka kati yao kama limepata wazimu.

"Nimeshika tu, dada, hukuwepo," mgeni alisema, akataka kumrudishia.

"Endeleeni, endeleeni. Mimi nina kazi ya pasi."

Hakuwa na pasi. Ilibidi aitafute.

Akapiga pasi siku hiyo, na siku zilizofuata, amewapa mgongo. Lakini mgongo nao una masikio. Aliusikia ule wimbo mpya mpaka akajua unapopanda na unaposhuka. Kulikuwa na mahali wote wawili walikuwa wakinyamaza kidogo, kama watu wanaoruka dimbwi, kisha wanaendelea, na wakishaendelea wanacheka. Kicheko kile alikichukia kuliko wimbo wenyewe. Wamepata dimbwi lao, aliwaza. Wana kitu chao cha kuchekea.

Nyumbani wifi yake alimtazama akiosha vyombo kwa kelele.

"Wifi, leo mbona uso umekunjamana kuliko nguo za huko kwenu?"

Mwangwi akamweleza, kwa maneno mengi kuliko alivyokusudia, kuhusu igizo lililoharibiwa kwa tamaa ya watu wasiojua kuacha kitu kizuri kilivyo.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. "Huo si wivu wa igizo," alisema. "Huo ni wivu wa ukewenza."

"Ukewenza! Mume yuko wapi?"

"Si huyo Mashavu wako?"

Mdogo wake, aliyejificha nyuma ya gazeti, alicheka mpaka akapaliwa. Mwangwi aliweka sufuria chini na kwenda kulala bila kuaga.

Katikati ya wiki yakaletwa mavazi ya igizo. Gauni la mwanamke wa upande huu na la mwanamke wa upande ule aliyatambua kwa mtindo, ingawa yalishonwa upya. Chini yake palikuwa na gauni la tatu, la manjano, lenye kola ndefu.

"Hili la nani?"

"La fundi, dada!" mgeni akarukia. "Yule mwanamke anayekuja kuunga daraja. Anavyoimba, acha tu! Akifika pale..."

"Sijauliza anaimbaje."

Wala hakuhitaji kuuliza. Makwapa ya gauni yalimwambia. Wale wawili walikuwa wametoka jasho la kawaida, na huyu wa manjano alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Kwa hiyo ndivyo ilivyo, Mwangwi aliwaza. Walikuwa wawili na walitoshana. Wakatiwa wa tatu, na wa tatu ndiye anayeimba kuliko wote.

Hakulichana gauni wala kuliunguza. Yeye si mtu wa namna hiyo. Alichofanya ni kuongeza wanga kwenye kola, akaongeza tena, kisha akaipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe mezani kama kipande cha bati.

Jumamosi alasiri alimwambia wifi yake kwamba anakwenda kumwona mgonjwa.

"Nani anaumwa?"

"Mtu wa kazini."

"Mgonjwa gani anaendewa na hereni?"

Alikata tiketi yake mwenyewe, akakaa nyuma kabisa, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Nusu ya kwanza ya onyesho ilimfurahisha mno, kwa sababu kila kitu kilikuwa kibaya kama alivyotumaini. Korongo lilikuwa dogo, mtu mwenye miguu mirefu angeliruka. Mwanamke wa sauti ya chini alilivuta lile "nipo" kama mtu anayeita teksi. Na walipotokea hatimaye kila mmoja ukingoni kwake, baada ya kuliliana miaka yote, hawakuwa na la kuambiana, wakaanza kugombea sufuria iliyobaki ng'ambo. Mwangwi aliyaweka makosa yote kichwani moja baada ya jingine ili akayasimulie vizuri. Ndipo akakumbuka kwamba mtu pekee ambaye angependa kumsimulia ni yule aliyemwambia hatakanyaga hapa.

Kisha akaingia fundi.

Aliingia na gauni la manjano, na kabla ya kufungua mdomo akatia kidole kwenye kola. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia. Akaimba mstari mmoja, akajikuna. Ukumbi ukacheka ukidhani ndiyo tabia ya fundi. Mwangwi aliteleza kitini mpaka magoti yakagusa kiti cha mbele.

Lakini fundi aliimba, kola na yote. Aliimba kwamba hana kwao upande huu wala upande ule. Analiunga daraja akiwa amesimama katikati, hewani, na siku litakapokamilika wale wawili watakimbiliana, na yeye atalazimika kujibanza pembeni ya kamba ili wapite. Halafu wale wawili wakaingia na ule wimbo wa haraka, na walipofika kwenye dimbwi hapakuwa na dimbwi. Palikuwa na sauti ya tatu, ya chini kuliko zote, inayopita katikati ya swali na jibu na kuyashika yote mawili yasianguke.

Mwangwi aligundua kuwa koo lake linaimba. Alilia tena, ila safari hii alilia kwa hasira, kama mtu aliyelazimishwa kula kwa jirani aliyemnunia na chakula kikawa kitamu.

Jumatatu alifika mapema, akalitoa lile gauni la manjano kwenye furushi lililokuwa limerudi, akailoweka kola kwenye maji ya uvuguvugu na kuisugua wanga wote ukatoka. Alikuwa bado na mikono mibichi msimamizi alipoita. Vilikuwa vimekuja vitambaa vya meza vya karamu, vile virefu ambavyo watu wawili hawavimudu. Lazima wa tatu asimame katikati na kulibeba tumbo la kitambaa lisiguse sakafu.

"Mwangwi, ingia katikati hapo!"

Akaingia. Mashavu huku, mgeni kule, yeye chini ya kitambaa, mikono juu. Wakaanza kuimba. Wakafika kwenye dimbwi, wakanyamaza, na katikati yao sauti ya tatu ikatoka kabla Mwangwi hajauzuia mdomo wake.

Kitambaa kikasimama.

"Umeenda," alisema Mashavu.

"Kwenda wapi?"

"Umeenda, wewe!"

"Nimeusikia kwenu. Si mnauimba kutwa nzima?"

"Hapo hatuimbi. Hapo hatupajui, ndiyo maana tunanyamaza."

"Ndiyo yenyewe hiyo!" mgeni alipiga kelele. "Dada, nimeitafuta wiki nzima! Nilisahau inavyokwenda."

Mashavu alikuwa bado anamkazia macho. "Mtu alisema hakanyagi."

"Nilikanyaga kidogo."

"Kwa nini hukuniambia unataka twende?"

"Hukuniuliza mara ya pili."

"Ulisema huendi!"

"Miaka yote hii hunijui?"

"Nakujua. Ulisema huendi."

Hapo hapakuwa na pa kusogea, na wote wawili waliliona hilo. Mashavu akafuta jasho kwa bega, mashavu yake yakiwa yameanza kutetemeka kwa kicheko alichokuwa akikizuia. "Haya, tuanze upya. Kaa hapo hapo katikati. Sauti yako ndiyo ya katikati."

Alisema kweli. Ilikuwa sauti ya katikati, na hakuna mwingine pale aliyeiweza. Mwangwi alikitazama kitambaa kilichomfunika kichwa, akamkumbuka fundi akijibanza pembeni ya kamba. Akatoka chini yake, akaenda hadi aliposimama mgeni, akanyoosha mikono.

"Lete pembe."

"Lakini dada, sauti ya..."

"Nitaimbia hukuhuku. Ingia wewe katikati ubebe tumbo. Sauti nitakufundisha, yote, mpaka uiweze. Pembe ni zangu."

Mgeni akampa. Mwangwi alikanyaga pale saruji ilipolainika, na ng'ambo ya kitambaa Mashavu akarudi nyuma hatua moja, kikakazika.

"Upo?" akaimba, ingawa wimbo mpya haukuanza hivyo.

"Nipo," Mwangwi akajibu. Kisha, bila kuondoa macho kwa Mashavu, "Mgeni, inua mikono. Kinaburura."