Mwili wa Baba, Jina la Mama

Mtaani kwetu Cheyo, mke alipimwa kwa mwili wa mumewe. Mwanamume akinenepa, sifa zilikwenda jikoni: huyu katunzwa. Akikonda, maswali nayo yalikwenda huko huko jikoni. Ndiyo maana siku mganga wa zahanati alipomwambia baba kwamba presha imepanda, na kwamba uzito ule utamwangusha, aliyerudi nyumbani amenyong'onyea zaidi alikuwa mama. Akimwacha alivyo, atampoteza mume. Akimpunguza, atapoteza jina.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikuja mjini kutoka Bukene akiwa mwembamba, kwa sababu kijijini alilima, na msimu wa asali alifuata mizinga yake porini kwa miguu, siku mbili kwenda na mbili kurudi. Mjini akakaa barazani tangu asubuhi hadi alasiri, miguu ikikanyaga pale pale. Lakini mama aliendelea kumsongea ugali wa mkulima, kama alivyofundishwa na mama mkwe. Juu ya hapo, mteja akija kuchukua kanzu yake alikuja na birika la chai, sukari nzito, vitumbua vilivyofunikwa kwa kawa. Kukataa ni kumdharau mtu. Sikumwona baba akila kwa uroho hata siku moja. Alikula kwa adabu, na adabu ile ikamjaa tumboni mwaka hadi mwaka.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kitambi kilikuwa na taabu zake. Katika mikutano ya nyumba kumi, mnyonyaji aliposimuliwa hakukosa tumbo. Seremala mmoja, mtani wa baba, alimwomba akae nyuma ya mlango, watu wasije wakadhani bepari amekamatwa. Baba alicheka kuliko wote. Kumbe mashati yake alikuwa akiyapanua mwenyewe, kimya kimya, kwa uzi wa rangi ile ile.

Mama hakumnyima chakula. Hilo napenda lieleweke, kwa sababu wengi hufikiri unene huondolewa kwa njaa. Alipunguza sukari nusu kijiko kwa nusu kijiko, wiki hadi wiki, ulimi usigutuke. Vitumbua vikawa vya sikukuu; asubuhi tukala michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Tonge likapungua, mlenda na maharage vikaongezeka. Wateja aliwaendea mmoja mmoja, akawaomba wamletee fundi maji tu, wala wasione wamekosa adabu. Na kwa kuwa kila mtu alihimizwa alime, akaomba kipande cha shamba kwenye njia ya Kipalapala, yeye na baba wakawa wanakwenda kwa miguu alfajiri kabla ya cherehani.

Baba alinung'unika mwezi mzima, kisha akaacha kuhema ovyo njiani. Kufikia mavuno alikuwa akiyapunguza mashati yake.

Hapo maneno yakaanza. Kwenye bomba la maji ilisemwa kwamba mama anaficha unga awapelekee ndugu zake. Mama aliinamia ndoo, akaendelea kukinga maji. Maneno yakapanda treni, yakafika Bukene, na shangazi, dada mkubwa wa baba, akashuka stesheni na kuku wawili, mfuko wa unga wa mtama na sura ya hakimu.

"Shikamoo wifi," mama alimpokea.

"Marahaba," shangazi aliitikia, macho yako jikoni.

Jioni ile alisonga ugali mwenyewe, mlima, akautua mbele ya kaka yake. Baba akala robo, akashukuru, akanawa. Shangazi akamgeukia mama.

"Umemfanya nini kaka yangu? Hata njaa umemwondolea?"

"Kula kwanza, wifi," mama alisema, akamsogezea uliobaki.

Shangazi alikula. Aliumaliza wote, naye alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe.

"Umekula mara tatu ya kaka yako," mama akasema. "Mbona hunenepi?"

"Mimi nalima. Unadhani unga wangu unapata nafasi ya kukaa?"

"Basi wa kwake ulikuwa unakaa, wifi. Cherehani haili unga kama jembe."

Shangazi akanawa mikono. Kisha akasema, bila kuonyesha kwamba amekubali, kwamba kesho atakwenda na kaka yake shambani amwone akilima.

Tangu wakati huo nimekutana na wanene wanaolima na wembamba wanaokaa kutwa, na nimejua kwamba miili hutofautiana: wengine huzaliwa na mwelekeo wa kunenepa, wengine unene huwapata kwa huzuni, dawa au uzazi. Kwa hiyo simnyooshei mtu kidole. Lakini sijasikia maelezo yaliyoeleweka upesi kama yale ya mama, aliyeishia darasa la nne, akiwa mbele ya mtu aliyekuja kumhukumu.

Kesho yake walilima hadi jua likawa kali. Keshokutwa yake, shangazi alichukua ndoo akafuatana na mama bombani. Jirani mmoja akampa pole kwa jinsi alivyomkuta kaka yake amekwisha.

"Amekwisha?" shangazi akasema. "Jana kaniacha nyuma tuta zima, na mimi nimekulia kwenye jembe. Aliyemtunza hivyo ni huyu hapa. Mpisheni achote maji."

Wakampisha. Mama alitega ndoo yake, na maji yalipokuwa yakijaa yule jirani akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini ile sukari aliipunguzaje, kwani mume wake naye siku hizi anahema akifunga viatu. Mama akamweleza polepole, tangu nusu kijiko cha kwanza.