Mke Mfupi wa Selemani

Mimi Somoe, mtu mzima, mke wa mtu, nimewahi kutembea kwa magoti uani kwangu mchana kweupe, kikapu kichwani, mbele ya mjomba wangu na majirani chungu nzima wa Ruponda waliokuja kutusaidia kupukuta ufuta. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana wapo wanaotia chumvi, wanasema nililia. Sikulia. (Machozi yalinitoka, lakini ni kwa sababu ya magoti.)

Chanzo ni urefu. Mimi ni mrefu, na mume wangu Selemani ananifika begani, tena hapo awe amevaa kofia. Nyumbani hatukuwa na habari na jambo hilo, mpaka Wazungu walipoanza mradi wao wa kulima karanga kule Nachingwea, matrekta na watu wa kila kabila, nasi tukawa tunapeleka kuku na mihogo kuuza kwenye kambi ya wafanyakazi, ndipo siku moja kijana mmoja wa kambini alipotuona tunakuja akapiga kelele, "Mama, mbona mwanao ana ndevu?" Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Selemani naye akacheka, akauza kuku wake. Mimi sikucheka. Niliapa pale pale kwamba maadamu niko hai hakuna atakayemcheka tena mume wangu.

Basi mwaka uliofuata akaja Mzungu mmoja wa sinema, anataka kumpiga picha mkulima wa ufuta pamoja na mkewe, halafu picha izungushwe vijijini watu wajifunze kupalilia, na shamba safi kuliko yote lilikuwa letu. Majirani wakatupongeza, Selemani akafua kanzu. Mimi nilikuwa naiona Nachingwea nzima imekaa mbele ya kile kitambaa cheupe cha sinema, na sisi wawili tunapita.

Nikamfuata yule Mzungu peke yangu. Nikamwambia, "Bwana, kwenye picha nataka mume wangu awe mrefu kuliko mimi."

Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, lakini alinielewa. "Hapana shida, mama," akasema. "Kamera iko na uwongo mingi."

Akalala kifudifudi na kamera yake, akamsimamisha Selemani karibu, kisha akaniita nichungulie. Jamani! Nilimwona mume wangu kichwa kiko mawinguni, mkorosho uliokuwa nyuma yake umekuwa kama kijiti. Mzungu akanieleza kwamba ukimpiga mtu kutoka chini anarefuka, na aliye karibu anakuwa mkubwa, aliye mbali anakuwa mdogo, kwa hiyo mimi nitembee nyuma kwa mbali kidogo. Mtu mwenye akili angeshukuru akaenda kupika. Mimi nikaona haitoshi. (Nikikata shauri huwa sijui pa kuishia, hata marehemu mama alikuwa akilalamika.) Nikachukua jembe, nikachimba mtaro katikati ya ufuta, unaofika magotini, kutoka mwanzo wa shamba mpaka kwenye mkorosho, nipite humo.

"Mtaro wa nini tena?" Selemani akauliza.

"Mzungu kaagiza," nikamjibu. "Na kasema usigeuke nyuma, picha itaharibika."

Hapo ndipo nilipoharibu, kwa uongo huo mmoja.

Siku ya picha Selemani akatangulia kwa madaha, kamera chini ikimfuata, mimi nyuma mtaroni, nimejitanda khanga, kikapu kichwani. Tulikubaliana asimame kwenye mkorosho. Hakusimama! Alishanogewa, anataka Mzungu auone na ule ufuta wa upande wa pili uliostawi zaidi, akaendelea na safari, na mtaro wangu umekwisha. Nikifika juu tu, nitachomoza. Nikapiga magoti. Ufuta ulikuwa umefika kiunoni, ukanificha miguu, nikamfuata kwa magoti juu ya visiki na mawe mpaka mwisho wa shamba, na kikapu hakikuanguka. Nikaona nimeshinda.

Picha ilikaa huko ilikokwenda mwaka mzima. Tulikuwa uani tunapukuta ufuta wa mwaka wa pili, Mjomba Bakari, kaka yake marehemu mama, akaingia akitokea Nandagala, hakupiga hodi, kajaa vumbi, kumbe kalala njiani.

"Selemani," akasema bila salamu, "yule mke mfupi yuko wapi?"

"Mke gani, Mjomba?"

"Sinema imekuja kwetu, kijiji kizima tumekuona unatembea naye shambani! Kuoa si kosa, lakini mwaka mzima unatuficha, unamfanya mpwa wangu mjinga? Somoe, funga vitu vyako, twende nyumbani."

Hakuna aliyeitazama sura. Mimi watu wananijua kwa urefu tangu nikiwa msichana, basi mwanamke mfupi kwao hakuweza kuwa Somoe. Selemani akaapa kwa Mungu hana mke mwingine, Mjomba akazidi kupandisha sauti, majirani wakaacha kazi wakanyamaza ili wasipitwe na neno. Nikasema, "Mjomba, ni mimi." Akaniambia nisimfichie siri mwanamume. Alikwisha kunishika mkono ananivuta.

Ningefanyaje? Nikajinasua, nikatwaa kikapu, nikakiweka kichwani, nikajitanda khanga, nikapiga magoti, nikauzunguka ua mzima kwa magoti.

Mjomba akainama, akanichungulia usoni. Halafu akasema taratibu, "Lahaula. Ndiye." Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi mto Mbwemkuru. Watu walimwaga ufuta. Mjomba alijifuta machozi akisema, "Simama, mwanangu, utaniua."

Selemani peke yake hakucheka. Aliningoja nisimame, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mtaro ule ulikuwa kwa ajili hii?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi waliokuwa wakinicheka ni wale wa kambini, lakini aliyekuwa akinionea haya ni wewe."

Nilitamani anipigie kelele. Akaokota ungo, akarudi kupepeta, na mimi nikakaa kando yake nikipepeta, mpaka Mjomba alipokwisha kula na watu kutawanyika, ndipo aliponiambia, bila kunitazama, "Mara ya kwanza nilikuona gulioni Ruangwa. Watu wamejaa, sioni mbele, naona migongo tu, ila kichwa chako kiko juu ya wote. Nikauliza yule ni binti wa nani. Ungekuwa mfupi nisingekuona, Somoe."

Magoti yalipona baada ya wiki. Yale maneno ya kumwonea haya bado yananichoma, na ni haki yangu. Naapa mbele yenu, mtu yeyote aje na kamera yake, atanikuta nimesimama wima kando ya mume wangu, na picha itoke itakavyotoka.