Ukingo wa mto uliniangukia, na mke wangu alikuwa kimya akiomba

Wakuu, salamu kutoka Machakos, upande wa Wamunyu.

Mimi ni mzee. Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu kimyakimya bila kuandika chochote. Juzi kijana mmoja aliuliza humu kama Mkristo kuomba kila siku kunabadilisha kitu, ama ni mazoea tu kama kupiga mswaki. Mkabishana mpaka mkaanza kuitana majina. Jibu langu ni refu, ndiyo maana nimefungua uzi wangu.

Kisa hiki nimekisimulia kanisani mara nyingi, na kila mara nilikipamba. Hapa hamnijui, sina wa kumpendeza. Mtakipata kama kilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu za mkono hazijafika kwetu.

Kwa wasiojua Ukambani: mito yetu mingi haina maji juu. Ni mchanga mtupu, mweupe, unaweza kutembea katikati ya mto na viatu vyako vikavu. Maji yako chini ya huo mchanga. Akina mama wanachimba shimo, wanateka yale maji ya kwanza yenye tope na kuyamwaga kando, halafu wanangoja. Maji safi yanapenya polepole kutoka pembeni, kidogo kidogo. Yakijaa unachota kwa kipande cha kibuyu na kutia kwenye mtungi. Kisha unangoja tena.

Kisima cha namna hiyo lazima ukisafishe kila siku. Ukikiacha wiki moja tu, mchanga unakifunika na utaanza upya kama mgeni.

Mke wangu, Nduku, alikuwa na kisima chake hapo mtoni. Watu walimwita Mama Mutua, kwa jina la kijana wetu wa kwanza. Kila asubuhi aliteremka na punda na mitungi. Na katika ule muda wa kungoja maji ndipo alipokuwa akiomba. Alipiga magoti kando ya shimo, akainamisha kichwa, na hakusema neno. Hata midomo haikutingishika.

Mimi nami nilikuwa mtoni, lakini kwa kazi nyingine. Nilikuwa nauza ule mchanga.

Niseme kidogo hapo. Wamunyu ni mji wa wachonga vinyago. Baba yangu alichonga, ndugu zangu wakachonga. Mimi nilimaliza form four, nikarudi nyumbani bila kazi, nikajaribu kuchonga twiga. Mzee akamtazama akasema, "Mbuzi huyu mbona shingo imevimba?" Nikaacha mambo ya mti. Nairobi walikuwa wanajenga maghorofa, malori yanakuja kutafuta mchanga, nikashika sepetu.

Kwa hivyo picha ni hii: mke wangu anateka maji kwenye mchanga, na juu kidogo ya kona ya mto, mume wake anapakia huo mchanga kwenye malori. Mchanga ukiondoka, maji yanazama. Hilo kila mtoto wa kwetu alilijua. Mimi pia nilijua.

Siku moja nilipita nikamkuta ameinama. Nikamwambia, "Mama Mutua, unaomba ama unalala?"

"Nangoja maji."

"Na Mungu?"

"Naye pia."

"Sasa mbona huongei? Wenzako kanisani wanapaza sauti mpaka mabati yanatetemeka."

Akasema, "Kanisani tuko wengi, kila mtu anataka asikike. Hapa ni mimi na Yeye. Nikiongea mimi wakati wote, Yeye ataongea saa ngapi?"

Nikamuuliza anaomba nini hasa. Akajibu, "Mto. Na wewe."

Nikacheka sana. "Mto ukirudi, mimi nitakula nini?"

"Ndiyo maana nakuombea na wewe," akasema, akaendelea kutazama shimo lake.

Sisi wachimba mchanga tulikuwa na sheria moja. Hatukuwa na dini ya maana, lakini sheria hiyo tuliishika. Ukichimba chini ya ukingo, lazima mtu mmoja asimame juu. Kazi yake ni kutazama nyufa tu. Ukingo kabla haujaanguka hutoa ufa mwembamba kama uzi. Yeye akiuona anapiga kelele, na walio chini wanakimbia. Mchanga mzuri uko chini ya ukingo, kwa hivyo kila mtu alitaka kuchimba huko, na hakuna aliyechimba bila mtu wa kutazama.

Siku ninayowaambia kulikuwa na mazishi upande wa Katangi, na wenzangu wote walienda. Dereva mmoja wa lori alikuwa amenitumia habari kwamba anakuja siku hiyo, nihakikishe mzigo uko tayari. Nikajiambia, ni rundo moja tu. Nikaenda peke yangu.

Huko juu kwenye milima ya Iveti kulikuwa na mawingu meusi. Kwetu jua lilikuwa linawaka. Niliyaona yale mawingu nikayapuuza.

Sikusikia chochote, wakuu. Watu huuliza kama kulikuwa na mlio ukingo ulipoanguka. Hapana. Nilikuwa nimeinama, nikajikuta siinami tena. Mchanga ulikuwa umenifunika mpaka kwapani, mkono mmoja nje, sepetu imepotea.

Mwanzo nilifikiri ni jambo la kucheka. Nikajaribu kutoka. Hapo ndipo nikajua mchanga ni kitu gani. Ukitoa pumzi, kifua kinapungua, na mchanga unaingia kwenye ile nafasi. Ukitaka kuvuta tena, nafasi haipo. Kila pumzi ilikuwa fupi kuliko ile ya kabla yake. Nikaita, sauti ikatoka ndogo kama ya mtu aliyelala.

Na juu yangu niliona ukingo uliobaki. Ulikuwa na ufa.

Sasa, kanisani nilikuwa nasema hapo ndipo nilipomlilia Bwana kwa sauti kuu. Si kweli. Sikuomba hata kidogo. Nilitukana. Nilimtukana yule dereva. Nikautukana mto. Nikamtukana hata marehemu aliyekuwa akizikwa, kwa sababu ndiye aliyewachukua wenzangu. Nilitukana kwa sauti ya chini, kwa pumzi iliyobaki, na nikajua ikiisha nami nimeisha.

Ndipo nikamwona Nduku akitokea kwenye kona, kibuyu chake mkononi, magoti yana mchanga.

Hakukimbilia nilipo. Alisimama kwanza akatazama juu, akauona ule ufa. Akazunguka, akaja kwa upande ule mwingine, akitambaa. Halafu akapiga nduru ya kuita watu, moja tu, ndefu, akaanza kuchota mchanga mbele ya kifua changu kwa kile kibuyu.

"Usitingishike," akasema. "Pumua kidogo kidogo. Kama maji yanavyokuja."

Akina mama wakaja mbio kutoka kwenye visima vyao na mashamba ya karibu. Wa mbele alikuwa jirani yetu Mama Kioko, mwanamke mwenye mdomo kuliko wote ninaowajua. Aliponiona kichwa na mabega tu vimebaki juu, akasema, "Aiya! Baba Mutua, kumbe leo lori imekupakia wewe!"

Halafu akaogopa kweli, akainua mikono miwili juu na kuanza kuomba kwa sauti.

"Mama Kioko," mke wangu akamwambia bila kugeuka, "omba ukichimba."

Akaomba akichimba. Walichimba kwa vibuyu, kwa sufuria, kwa mikono. Walipofika kiunoni, pumzi ikarudi, na nikaanza kulia kama mtoto. Nikahisi miguu yangu imekuwa baridi. Kulikuwa na maji huko chini.

Ghafla Nduku akainua mkono. "Nyamazeni."

Wote wakanyamaza, hata Mama Kioko. Nduku akainama mpaka sikio likakaribia mchanga, vile vile alivyokuwa akiinama kisimani kila asubuhi. Mimi sikusikia kitu. Jua lilikuwa linawaka, ndege wanalia.

"Mto unashuka," akasema.

Mkiishi kwetu mnajua maana yake. Mvua inanyesha milimani, na huku chini hakuna hata tone. Halafu mto unakuja wote kwa pamoja, na ukikukuta katikati hakuna wa kukutafuta.

Hawakukimbia, wakuu. Mpaka leo nikifikiria hapo nashindwa kuendelea. Kila mmoja wao alikuwa na watoto nyumbani. Walifungua leso zao wakaziunga, wakanizungushia chini ya mikono, wakavuta. Gambuti zangu mbili za mpira zilibaki chini. Mguu mmoja ulivunjika wakati wa kuvuta, nilisikia ukivunjika, na sikujali. Wakaniburuta mpaka juu kwenye nyasi za upande wa pili.

Tukageuka kutazama.

Kwanza ulikuja upepo wenye harufu ya udongo mbichi. Kisha povu, matawi, na maji ya rangi ya chai, yakija bila haraka, kama ng'ombe wanaorudi nyumbani. Ukingo wenye ufa ukaanguka kama kipande cha ugali. Maji yakaingia kwenye shimo langu, lile nililochimba msimu mzima, yakazunguka humo, yakalijaza mchanga mpya, yakapita. Nilitazama mahali kichwa changu kilipokuwa, na hapakuwa na mahali tena. Ulikuwa mto.

Hatukuimba wala kupaza sauti. Tulikaa pale chini, akina mama wenye tope na mwanamume asiye na viatu, na ule ukimya ulikuwa mzito kiasi kwamba niliogopa kukohoa. Nimeenda kanisani miaka mingi baada ya hapo. Sijawahi kuwa karibu na Mungu kama nilivyokuwa kwenye zile nyasi.

Jioni, mguu ukiwa umefungwa, nilimuuliza, "Ulinisikiaje kutoka kule? Hata mimi sikujisikia."

"Nilikuwa kimya."

"Ulisikia nikiomba?"

Akanitazama. "Nilisikia ukitukana dereva."

Tukacheka mpaka mguu ukauma. Kisha nikauliza lile lililokuwa likinisumbua. Kwa kawaida saa ile huwa amesharudi nyumbani zamani. Kwa nini siku hiyo alikuwa bado mtoni?

Akasita. Nadhani hakutaka kunihukumu. "Maji yalikuwa mbali," akasema. "Siku hizi yanachelewa. Nilikuwa bado nangoja."

Wakuu, lisomeni hilo polepole kama mimi nilivyolisikia. Maji yalikuwa mbali kwa sababu yangu. Mchanga nilioupakia kwenye malori ndio uliomfanya angoje kwa muda mrefu. Kama nisingekuwa nimeuharibu mto, angekuwa amechota na kwenda zake, nami ningefia pale. Kosa langu lenyewe lilishikwa, likageuzwa, likawa njia ya kuniokoa. Na yeye alikuwa akiomba vitu viwili nilivyofikiri vinapingana, mto na mimi. Vyote viwili vilirudi siku moja. Nimezeeka nikilifikiria jambo hilo, na bado sijaufikia mwisho wake.

Sasa aibu yangu. Nilipopata nafuu nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nikasema nililia kwa Bwana, akanisikia. Watu wakapiga makofi. Nduku alikuwa ameketi upande wa akina mama, akitazama mikono yake. Njiani kurudi alisema tu, "Umeeleza vizuri." Nikaendelea kueleza hivyo miaka na miaka, makanisa mengi, na hakunisahihisha hata siku moja. Wala msifikiri niliacha mchanga kwa toba. Niliacha kwa sababu mguu haukuniruhusu tena.

Lakini nilianza kuteremka naye kisimani. Mwanzo sikuweza kunyamaza. Nilikuwa nikipiga magoti, baada ya muda kidogo naanza kumuuliza habari za mbuzi. Hakunikaripia. Alinyoosha kidole kwenye shimo tu, nitazame maji. Polepole nikajifunza, ingawa kwa uvivu, na siku nyingi nilibaki kitandani akaenda peke yake. Asubuhi hizo ningezinunua leo kama zingekuwa zinauzwa.

Nduku amelala kaburini sasa, miaka kadhaa. Hapo sokoni kuna maji ya bomba, hakuna anayehitaji kisima cha mchanga. Mimi bado ninateremka na fimbo yangu, ninakisafisha, ninamwaga tope, ninangoja.

Kwa yule kijana aliyeuliza: ndiyo, ni mazoea. Mke wangu hakuomba siku ile kwa sababu kuna hatari. Hakujua. Aliomba kwa sababu ilikuwa asubuhi, kama asubuhi nyingine zote, na alipohitajika alikuwa tayari yuko magotini, sikio limefunguka. Mimi nilidhani maombi ni kumfanya Mungu asikie. Yeye alikuwa anajifunza kusikia.

Basi nimemaliza. Nanyi semeni yenu: nani aliwaombea wakati nyinyi mnacheka? Nitasoma majibu yote, hata kama macho ni mazito. Na anayetaka kunitukana, anitukane tu bila wasiwasi. Mimi niko hai kwa sababu mtu fulani alinyamaza, akasikia matusi, akaja.