Loco Maître Baudouin

Scholastique alikuwa stagiaire, yaani wakili anayejifunza kazi, na kanuni za chama cha mawakili zinasema mtu hujifunza miaka miwili. Yeye alikuwa katika mwaka wa nne. Usidhani alikuwa mzito wa kichwa, la hasha! Kosa lake lilikuwa kwamba aliijua kazi mno.

Miaka hiyo miwili ina masharti yake. Unakula kiapo mbele ya majaji, unavaa toge, joho jeusi la mahakamani, unatafuta patron, wakili wa siku nyingi atakayekupokea katika ofisi yake. Kila Jumamosi unahudhuria mafundisho ya maadili. Unatetea bure watu wasio na uwezo, na kila kesi inaandikwa katika kijitabu chako. Hayo yote Scholastique aliyamaliza, hata wafungwa wa gereza la Bunia walimtambua kwa sauti ya viatu vyake. Lilibaki jambo moja: patron aandike barua kwamba huyu ameiva, aachwe asimame peke yake. Bila barua hiyo hangekuwa wakili kamili, hangefungua ofisi, hangeandika jina lake mlangoni hata kwa chaki.

Na patron wake alikuwa Maître Baudouin; Maître ndivyo wakili anavyoitwa kwa heshima.

Ee, Maître Baudouin! Kitambi cha heshima, sauti ya mhubiri, na ofisi kwenye barabara kubwa. Ukimwambia mwenye pikipiki "nipeleke kwa Maître," hakuulizi yupi. Ilikuwa miaka ile ya amani ya kuchungulia dirishani. Bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini, watu wakaanza kurudi kutoka kambi za wakimbizi, na wengi waliorudi walikuta mtu mwingine analima shamba lao. Kesi za mashamba zikawa tele. Baudouin alimpokea mteja, akamkalisha, akampa pole, akakohoa kidogo, kisha akamwambia: "Mama, lala usingizi. Hii kesi iko mu mikono yangu." Mteja akishatoka, kesi ilihamia mikononi mwa Scholastique.

Scholastique ndiye aliyekwenda kupima mipaka kwenye matope, akatafuta mashahidi, akaandika hoja, akasimama mbele ya jaji. Na hapo kuna desturi. Stagiaire akisimama hutaja jina lake, kisha husema "loco" na jina la patron, maana yake nimesimama mahali pake. "Maître Scholastique, loco Maître Baudouin!" Karani anaandika, hukumu inatoka na jina la Baudouin, na sokoni watu wanasema Baudouin ameshinda tena. Wazee husema asiyekuwapo na lake halipo. Wazee hao hawakukaa Bunia.

Kila mwaka ulipoisha aliomba barua yake. Baudouin alivua miwani, akamtazama kwa huzuni ya baba.

"Mwanangu, unaenda muzuri. Lakini haujaiva. Unataka nikutupe inje watu wakukule?"

"Maître, mwaka ilipita ulisema vile vile."

"Unaona? Haraka! Hiyo haraka ndiyo inaonyesha haujaiva."

Nyumbani, mtaa wa Bigo, mama yake, Alphonsine, alikuwa ameshachoka kuwaeleza majirani. Wenzake Scholastique walioapa naye siku moja walikuwa na ofisi zao, na mmoja alishapata hata stagiaire wake. "Ata mimba ya tembo inaishaka," mama alisema akipepeta mchele. "Sasa hiyo stage yako itaisha siku gani?" Scholastique akaingia chumbani akalia kwa hasira.

Alipomaliza kulia akafungua kile kitabu cha kanuni, akasoma tena mstari kwa mstari. Akakuta kwamba patron ana wajibu wa kumfundisha stagiaire, na stagiaire ana haki ya kumfuata patron mahakamani amwone akitetea. Akaandika barua yenye adabu zote: kwa kuwa mimi bado sijaiva, nakuomba, Maître, unionyeshe jinsi mtu aliyeiva anavyofanya. Chini yake akaongeza: nakala kwa mkuu wa mawakili. Ile nakala ndiyo iliyomtoa Baudouin jasho, maana barua angeweza kuitia kwenye droo, lakini mkuu wa mawakili haingii kwenye droo.

Kesi ilikuwa ya ndugu wawili na viwanja viwili. Baudouin alivaa toge aliyokuwa hajaivaa miaka mingi, na vifungo vikagoma tumboni. Alizungumza nusu saa nzima juu ya amani, juu ya mababu, juu ya Kaini na Abeli, mpaka mama mmoja nyuma akaitika "Amina!" Jaji akauliza: "Sawa, Maître. Unaomba nini?" Baudouin akageuka kumtafuta Scholastique. Scholastique alikuwa kwenye benchi la nyuma, ameinamisha kichwa, anaandika kama mwanafunzi mwema.

Siku ya pili mambo yalizidi. Baudouin alitetea kiwanja cha juu kwa nguvu zake zote, mpaka mteja wake mwenyewe akasimama akapiga kelele: "Hapana, Maître! Yangu ni ya chini!" Ukumbi mzima ulicheka. Scholastique alimwonea huruma, kisha akakumbuka ile miaka minne, na huruma ikapungua.

Kabla ya siku ya tatu barua ilikuwa mezani, imetiwa sahihi na mhuri. Ilisema huyu ameiva kabisa, nimemfinyanga kwa mikono yangu mwenyewe. Kesi yenyewe Scholastique aliirudisha kwenye mstari siku hiyo ya tatu, kwa hiyo mwenye kiwanja cha chini usimsikitikie.

Akafungua ofisi Bigo: chumba kimoja, meza, viti viwili na kibao chenye jina lake peke yake. Alphonsine alipita mbele ya kibao mara tatu kwa siku, akijifanya anaenda dukani. Mwezi mzima watu walioingia waliulizia fotokopi.

Ndipo akaja Mama Honorine. Alikuwa mjane wa barabara ya Tchomia, na miaka miwili nyuma Scholastique ndiye aliyeliokoa shamba lake. Sasa jirani yule yule alikuwa ameibuka na karatasi mpya, anataka shamba tena. Watoto sita walikuwa wanakula kutoka shamba lile. Scholastique aliruka kutoka kitini kwa furaha.

"Karibu, Mama Honorine! Ikala!"

"Aksanti, mutoto yangu. Sitakawia. Nionyeshe tu fasi Maître Baudouin anaishi, ofisi yake nimekuta imefungwa."

"Mama, kesi yako ni miye nilisema. Ulinishika mukono tukivuka maji, umesahau?"

"Nisahau ginsi gani? Ulisema muzuri, nilikuombea. Lakini ni ye alikutuma."

"Hakufika ata siku moja!"

"Angefika juu ya nini? Mutu mukubwa anatumaka."

Maneno yalimjaa Scholastique kinywani. Angemwambia: muzee huyo akisimama mwenyewe, utalala njiani na watoto wako. Lakini yale mafundisho ya Jumamosi yalikuwa yamemwingia vizuri kuliko alivyopenda: wakili hamsemi vibaya wakili mwenzake, sembuse patron. Akameza. Akafunga ofisi, akaita pikipiki, wakapanda wote wawili nyuma ya dereva mpaka nyumbani kwa Baudouin.

Baudouin alipoiona karatasi mpya, aliisoma mara mbili, akaikunja. Stagiaire wake mpya, Stéphane, alikuwa ameapa wiki iliyopita tu, hakuweza kutumwa. Baudouin akamvuta Scholastique kwenye korido.

"Scholastique, miye siwezi. Unajua."

Katika miaka minne lilikuwa neno lake la kwanza la kweli, na lilimuuma Scholastique kuliko uongo wote.

"Najua, Maître. Nitasimama. Loco."

Akasimama, wakili kamili, mwenye kibao chake, akataja lile jina mbele ya jaji kama alivyozoea. Akaivunja ile karatasi mpya tarehe kwa tarehe, sahihi kwa sahihi. Shamba likabaki kwa Mama Honorine.

Katika ua wa mahakama, mjane alimpita Scholastique mbio, akaenda kuishika mikono yote miwili ya Baudouin, ambaye alikuwa amekaa benchi la nyuma ukumbini muda wote. Mzee yule akatazama chini. Pengine ni aibu, pengine ni uzee.

"Mama, miye sikufanya kitu," alisema kwa sauti watu wasikie. "Kesi yako ya leo, na ile ya kwanza, ni Scholastique alizishinda. Ye peke yake. Miye sikujua ata shamba yako iko wapi."

Scholastique akasogea karibu asikie vizuri. Miaka yote ile alikuwa anangoja maneno haya haya.

Mama Honorine alifuta machozi kwa pembe ya kitambaa chake, akamgeukia.

"Umesikia, mutoto yangu? Umeona mutu mukubwa? Ata kujisifu hajisifu! Jifunze kwake."