Simba wa Babu Ndani ya Koti la Papa

Hata leo nikipita kwa wauza mitumba wa mtaa wa Mudzipela, harufu ya vidonge vya kufukuza nondo ikinifikia, hurudi nyuma hatua moja. Wenzangu huchagua magauni. Mimi sigusi koti. Sababu nawaambia ninyi, maana mama yangu sijawahi kumwambia.

Harufu hiyo ilikuwa ya sanduku la babu, kule kwetu Fataki. Babu alisoma shule ya maofisa wa jeshi na hakuturuhusu tusahau. Chini ya shuka zake alitunza nembo ya shule ile, kitambaa cha kiganja kimoja kilichotariziwa simba na mkuki. Kabla ya kuigusa tulinawa mikono, utadhani tunakwenda kula.

Papa, baba yangu, hakuipenda hata kidogo. Jumapili, baada ya ibada, ugomvi ulianza.

"Hii simba iko ya Wabeleji," papa alisema. "Walikuja nayo. Huku kwetu ulionaka simba wapi?"

"Weye mutoto unajua nini? Siye tuliapa mbele yake! Na ile mukuki iko ya nani? Ya mababu! Hii simba inalinda nyumba."

Mimi nilimwamini babu.

Babu alikufa kabla vita havijatufikia. Alikuwa na bahati. Asubuhi tuliyokimbia, mama alifunga unga na sufuria, papa akaenda kufungua mbuzi, nami nikachukua nembo. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaishona upesi ndani ya koti la papa, chini ya bitana, upande wa moyo. Sikumwambia, angeitupa. Njia nzima nilijivuna, ingawa miguu ilikuwa malengelenge matupu.

Karibu na Bunia, vijana wenye silaha walikuwa wamefunga barabara kwa kamba. Mmoja alipapasa koti la papa, akachana bitana kwa kisu.

"Hii iko alama ya serikali," alisema.

"Hapana, iko ya wale adui," mwenzake akakataa.

Walibishana kama papa na babu. Mwishoni wakapatana jambo moja tu, kwamba mwenye kuificha ni askari.

"Nani alishona hii?"

Papa aliutazama ule mshono mkubwa mkubwa, uliopinda. Kisha akanitazama. Nikafungua mdomo.

"Ni miye," akasema haraka. "Iko yangu."

Wakampeleka nyuma ya mikaratusi. Sisi tuliambiwa twende, na mama akanivuta mkono. Papa hatukumwona tena.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Zamani nilidhani papa alinitazama kwa hasira. Sasa binti yangu ana miaka tisa, anashona mishono mikubwa iliyopinda, na najua papa alikuwa akiniomba ninyamaze. Simba aliyemkataa maisha yake yote, siku ile alimwita wake.

Mama naishi naye hapa Bunia, mtaa wa Bigo. Amezeeka, na swali lake ni lilelile.

"Papa yako aliichukiaka ile kitu. Sasa juu ya nini aliishona ndani ya koti yake?"

Nami huendelea kupepeta mchele.