Kitanda Kilichofungwa kwa Kamba za Nyavu

Jumamosi mama kaleta kitanda kipya, chini kina ubao mzima, hakina chaga hata moja. Mimi nikapewa kazi ya kufungua kile cha zamani. Nilipoinua godoro nikajikuta nimekaa sakafuni, maana ile harufu bado ilikuwepo, kwa mbali, kama mtu anayepita nje ya dirisha na ndoo ya dagaa. Basi ngoja nikusimulie.

Nilikuwa darasa la nne. Nyumba yetu ya Ilemela iko juu, katikati ya mawe, na mimi nilikuwa mtoto wa kutosema. Mwalimu akiuliza, jibu ninalo, ila linaishia kooni. Mtu pekee niliyeongea naye kwa raha alikuwa bibi, na bibi anaishi Ukerewe, kisiwani kwa wavuvi. Likizo ya Juni alikuja, akalala kwenye kitanda changu, na asubuhi tukamkuta amezama katikati, miguu juu, chaga mbili ziko chini. Mgongo ulimuuma siku tatu. Wakati wa kuaga akamwambia mama, kwa upole kabisa, kwamba Desemba atafikia kwa shangazi kule Buzuruga, kwenye kitanda kinachojua kazi yake.

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Likizo nzima ningeongea na nani?

Nilijaribu mwenyewe kwanza. Mwanza hatukosi mawe, kwa hiyo nikasukuma moja uvunguni lishike chaga za katikati. Kumbe limezidi kimo kwa vidole viwili. Kitanda kikaota nundu, nikijilaza tu naviringika hadi ukutani. Mama akasema milima tuliyonayo nje inatosha.

Ikabaki kwenda kwa jirani yetu, fundi mitumbwi kule mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki. Nikasimama kando ya mtumbwi wake muda mrefu, nikinusa mbao mbichi na samaki wa kukaanga, nikipanga maneno. Nyundo ikanyamaza.

"Binti, umetumwa au umepotea?"

"Shikamoo. Chaga zetu zinaanguka na bibi hataki kuja."

Sikuwahi kumwambia mtu wa nje sentensi ndefu hivyo. Akaitikia marahaba, akachukua msumeno.

Kitanda alikitengeneza kama mtumbwi. Alipitisha ubao mrefu chini ya chaga, kutoka kichwani hadi miguuni, akausimamishia miguu miwili katikati. Chaga zenyewe hakuzipigilia misumari. Alizifunga moja moja kwa kamba za nyavu kuukuu, nafasi ya vidole vitatu, mimi nikivuta ncha ya pili hadi viganja vikawaka. Kitu kinachobeba watu, alisema, kiachie kipumue.

Desemba bibi akakubali kuja kukitazama tu. Mzigo wake akauacha mlangoni.

"Kaeni nyie kwanza. Mimi nilishaanguka."

Tukakaa: mama, fundi na tumbo lake, mimi. Kitanda kikalia kidogo, kikatulia. Ndipo bibi akaketi, akajilaza, akafumba macho, akanusa. Mama akaanza kuomba radhi, maana kamba zile alizianika siku mbili na harufu ya dagaa haikusikia.

"Hebu niacheni," bibi akasema. "Nimeshafika kwetu."

Mzigo niliuingiza mimi, mbio. Akakaa hadi shule zilipofunguliwa. Kila asubuhi tulichambua mchele mlangoni nami nikamwaga yote, ya darasani, ya kisimani, hata ya kijana wa dawati la nyuma, mpaka mama akauliza kutoka jikoni nani kawasha redio.

Siku hizi magoti ya bibi hayapandi tena mawe yetu, na fundi amehama na familia yake. Mimi bado si msemaji, ndiyo maana naandika. Wenzangu wanatamani utoto kwa ajili ya michezo. Mimi nataka asubuhi moja tu pale mlangoni, ungo magotini, nianze habari isiyo na mwisho, na bibi asogee karibu aseme, "Enhe, mama, ikawaje?"