Mtu wa Tatu

Baba yangu alikuwa mbishi, tena mbishi wa kujivunia. Mzee anayebishana na fundi juu ya injini ambayo hajawahi kuifungua, utamwambia nini kuhusu karatasi ya bima?

Alinunua pikapu kuukuu asombe maharage kutoka Kagerankanda mpaka Kasulu mjini. Bila bima trafiki hawakuachii, kwa hiyo tulikwenda wote wawili kwa wakala, kwenye duka linalouza pia vocha na sabuni. Wakala, bwana mmoja mpole wa kanzu na kofia, akaeleza vizuri tu: bima kubwa inalipa hata gari lako likiharibika, ila bei yake haishikiki, bima ndogo ni ya mtu wa tatu, ni nafuu, na sheria inatosheka nayo. Baba akakata ndogo. Kwetu huku gari lenye bima kubwa ni la mradi au la serikali.

Tukiwa njiani kurudi akanigonga bega. "Unamjua huyo mtu wa tatu?"

"Nani?"

"Wa kwanza mimi. Wa pili mama yako. Wa tatu wewe. Nimekukatia bima, mwanangu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, karatasi nilishaisoma yote, nilijua kabisa kuwa mtu wa tatu ni yule utakayemgonga barabarani. Lakini alivyokuwa ametabasamu! Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na sijawahi kumsikia akitamka kwamba ananipenda. Nikasema nitamweleza kesho. Kila mwaka alipokata upya alinipigia simu: "Tayari, umeshakatiwa." Nami najibu, "Asante, baba." Mjinga mimi.

Kiangazi cha mwaka juzi, vumbi likiwa limetanda barabarani, alimkwepa mwenye baiskeli aliyebeba mikungu ya ndizi. Hakumkwepa vya kutosha. Alimvunja mguu, pikapu ikalala mtaroni, wote wawili wakapelekwa hospitali ya Kabanga. Baba aliumia kwa ndani.

Siku ya pili akanishika mkono. "Karatasi imo kwenye Biblia. Nenda kwa wakala, watakulipa wewe. Umalizie nyumba yako. Usikubali wakuzungushe." Akapumzika, pumzi zikimkwama. "Mimi sina wasiwasi."

Jamani, ningesema nini? Ningemwambia ukweli angebisha, na natamani mpaka leo ningemsikia akibisha mara moja zaidi. Nikasema, "Ndiyo, baba, nitaenda." Kesho yake asubuhi akafa, akiamini ameniachia kitu.

Kwa wakala nilikwenda kweli, ila kupeleka karatasi ili yule wa baiskeli alipwe haki yake. Niliweka sahihi kwa hasira. Nilimchukia yule mtu, nikachukia na mikungu yake ya ndizi, na zaidi ya yote nilikichukia kile kicheko changu cha njiani.

Miezi ikapita. Siku moja nikiwa nyumbani kwetu Busunzu, nikimsaidia mama kupukuchua mahindi, akaingia mwanamume anayetembelea gongo, ana kuku kwapani. Akaweka gongo chini, akapiga makofi polepole kama tunavyosalimiana Waha. "Mwakeye." Akasema yeye ndiye aliyelipwa na bima ya mzee, mguu umeunga, amefungua kibanda cha ndizi, na asingeweza kukaa bila kuja kutoa pole. "Alinikatia bima hata hanijui," alisema, akafuta macho kwa kiganja.

Sikuweza kumchukia tena. Nikamletea kiti, kile kile cha baba, maana hatuna kingine chenye mgongo.

Mama hakuwa amesikia vizuri. Masikio yake yamechoka. "Mgeni wetu ni nani?"

"Ndiye mtu wa tatu, mama."

Akaacha kupukuchua, gunzi mkononi, akanitazama kwa mshangao, kama nimekosea jina langu mwenyewe.

"Mtu wa tatu si wewe? Baba yako aliniambia ni wewe."

Nililia siku ile kuliko siku ya maziko.